Profesa anataka niwaondoe wagonjwa watatu. Nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Nina umri wa miaka 33 na ni mtakwimu katika kitivo cha tiba cha chuo kikuu. Kazi yangu ni kuwasaidia madaktari na wahadhiri wanaofanya utafiti: kukokotoa idadi ya washiriki, kuchambua data, kutengeneza majedwali, kuwajibu wahakiki wa majarida. Niliingia hapa miaka sita iliyopita nikiwa na shahada ya uzamili, na nilikuja kwa furaha kweli, maana nilitaka hesabu zangu zimfikie mgonjwa. Sasa nina miradi 14 mezani na furaha ile siioni tena.

Nianze na lililonifanya nikuandikie. Ijumaa jioni nilipokea faili la Excel kutoka kwa Profesa mmoja, daktari bingwa, mtu mzima anayeheshimika, ambaye hata kazi hii yeye ndiye aliyenisaidia kuipata. Ni jaribio la dawa lenye wagonjwa 84. Nusu walipewa dawa mpya, nusu matibabu ya kawaida, na waligawanywa kwa kura. Walipokuwa wanalipanga sikuitwa. Nimeletewa data tu. Nilikesha nikichambua. Katika kundi la dawa mpya wamepona 29 kati ya 42, katika kundi la kawaida 21 kati ya 42. Thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hii au zaidi iwapo dawa hizo kwa kweli hazitofautiani, ikatoka 0.075. Nikamtumia. Jumamosi asubuhi faili likarudi, mistari mitatu imepakwa rangi ya njano, na ujumbe: "Binti yangu, hawa watatu hawakumaliza dawa, waondoe. Nahitaji p mpya Jumatatu, mswada unasubiri."

Nakiri kwamba nilijaribu pembeni. Wote watatu ni wa kundi la dawa mpya na wote hawakupona. Ukiwatoa inakuwa 29 kati ya 39, na p inashuka hadi 0.024. Katika safu ya maoni, mgonjwa namba 41 ameandikiwa "ameacha, anatapika sana". Namba 17 ameandikiwa "amekosa kliniki mara mbili". Namba 66 hana maelezo yoyote. Nikaangalia na upande wa pili: wako wanne ambao pia hawakumaliza matibabu yao, na hao hawakupakwa rangi.

La pili ni jina langu. Nimefanyia kazi makala 23 zilizochapishwa, na jina langu limo katika 6. Kwenye nyingine nashukuriwa mwishoni kwa "msaada wa takwimu". Mwaka huu niliomba kupandishwa cheo, nikajibiwa kwamba sina makala hata moja ambayo mimi ni mwandishi wa kwanza.

La tatu, kampuni inayoendesha majaribio ya dawa imenipa nafasi kwa mshahara unaokaribia mara mbili ya huu. Wanataka jibu ndani ya siku kumi. Mume wangu anasema niende. Mimi naona kama nitakuwa nimekimbia, lakini pia sijui ninachokibakilia. Kwenye vikao madaktari wanapozungumza nanyamaza, kwa sababu mimi si daktari. Nauliza, Shangazi: mimi ni mtafiti au ni kikokotoo chao?

Mtakwimu wa kitivo cha tiba


Marahaba mwanangu.

Nimefanya kazi kama yako kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na ile rangi ya njano naifahamu. Nitaanza na hapo, kwa sababu Jumatatu haingoji, na kwa sababu mengine yote uliyoniuliza yametoka kwenye mzizi huohuo.

Usiwaondoe. Wote 84 wabaki, na kila mmoja ahesabiwe katika kundi ambalo kura ilimpeleka, awe amemaliza dawa au hakumaliza. Kanuni hii unaijua, ila nataka uweze kuieleza kwa maneno ambayo daktari atayaelewa bila fomula. Kura ndiyo iliyoyafanya makundi mawili yafanane: waliozidiwa huku na kule, wazee huku na kule, wavumilivu na wasio wavumilivu huku na kule. Ukianza kuwatoa watu kwa jambo lililotokea baada ya kura, umeuvunja mfanano huo. Tena hawa huenda hawakuacha dawa kwa bahati tu. Namba 41 aliacha kwa kuwa alikuwa anatapika. Daktari atakayeisoma makala hiyo kesho na kumwandikia mgonjwa wake dawa hajui huyo mgonjwa atatapika au hatatapika. Anachotaka kujua ni nini kitatokea akimpa. Jibu la swali hilo linamhitaji namba 41. Na ile habari ya wanne wa upande wa pili ambao hawakuguswa inatosha peke yake kufunga mjadala, maana hakuna kanuni ya uchambuzi inayohusu kundi moja na kulisamehe jingine.

Lakini nakusihi usimhukumu Profesa haraka. Madaktari wengi wazuri huamini kwa moyo safi kwamba dawa isiyomezwa haiwezi kulaumiwa. Swali la "dawa inafanya nini kwa anayeimeza yote" ni swali halali. Mwongozo wa kimataifa wa takwimu katika majaribio ya dawa, unaojulikana kama ICH E9, ulitolewa mwaka 1998, na mwaka 2019 ukaongezewa sehemu nzima inayodai jambo hili: kabla ya jaribio kuanza, watafiti waseme wazi wanauliza swali gani, na anayeacha dawa njiani atahesabiwaje. Kosa hapa ni wakati. Swali limebadilishwa baada ya jibu kuonekana.

Kwa hiyo usiende kwake na "hapana" tupu. Mtafute ana kwa ana, peke yenu, usimwandikie barua pepe yenye majina ya watu wengine. Huwezi kumwambia mtu wa umri wake, aliyekushika mkono, kwamba anadanganya, na sidhani kama ndivyo alivyo. Mwambie: "Profesa, CONSORT, mwongozo wa kuripoti majaribio ya tiba, unatutaka tuonyeshe kila aliyeondolewa baada ya kura, kundi lake, na sababu yake. Tukiwatoa hawa watatu, mhakiki ataona wametoka upande mmoja tu, na wote hawakupona. Sitaki jina lako lifike hapo." Kisha mwekee mezani ukurasa mmoja. Juu yake uweke matokeo ya watu wote 84: waliopona ni asilimia 69 dhidi ya 50, tofauti ya pointi 19, na kwa uhakika wa asilimia 95 tofauti hiyo inaweza kuwa popote kati ya pungufu ya pointi 2 na ongezeko la pointi 40. Chini yake uweke uchambuzi wa pili wa waliomaliza matibabu, ukiwatoa wasiomaliza wa pande zote mbili, na uandike wazi kwamba haukupangwa tangu mwanzo. Hiyo ni makala inayochapishika. Inasema dawa inaonyesha dalili njema na inahitaji jaribio kubwa zaidi, na ndio ukweli wenyewe. Ile 0.075 imekuwa msiba kwenu kwa sababu tu mtu alikuahidini kwamba chini ya 0.05 ni uzima na juu yake ni kifo.

Mkimaliza kuzungumza, siku hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi ya heshima: "Kama tulivyokubaliana, nimechambua wagonjwa wote 84." Faili la kwanza alilokutumia lihifadhi bila kuligusa. Akikataa kabisa, mwombe aondoe jina lako na hata ile shukrani, na ujue kwamba vyuo vina ofisi au kamati ya maadili ya utafiti inayopokea mambo kama haya. Natumaini hamtafika huko. Na usidhani uko peke yako: mwaka 2018 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha uchunguzi wa watakwimu washauri 390 wa Marekani. Zaidi ya mmoja kati ya watano walisema wamewahi kuombwa waondoe au wabadilishe baadhi ya rekodi ili matokeo yaunge mkono kile mtafiti alichotarajia.

Sasa tuje kwenye lililonisikitisha zaidi ya ile mistari ya njano. Uliandika kwa kupita tu kwamba walipokuwa wanapanga jaribio hukuitwa. Nilichukua kalamu nikakokotoa. Tuseme wangekuuliza: tunataka kugundua kama dawa inapandisha uponaji kutoka asilimia 50 hadi 70, tukiwa na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo kama kweli ipo. Jibu ni wagonjwa 93 kila kundi, jumla 186. Wao walichukua 84. Hesabu hiyo ingekuchukua dakika kumi. Badala yake wagonjwa 84 walikubali kuingia kwenye kura, wakatolewa damu, mmoja wao akatapika mpaka akaacha dawa, katika jaribio ambalo tangu siku ya kwanza halikuwa na watu wa kutosha kulijibu swali lake. Mwanangu, hili linaniuma. Ile p unayoombwa uirekebishe ina upungufu ambao hakuna uchambuzi unaoweza kuuziba, kwa sababu watu zaidi ya mia moja waliohitajika hawamo kwenye faili.

Unasema unanyamaza kwa kuwa wewe si daktari. Nikusimulie habari ya Austin Bradford Hill. Alitaka kusoma udaktari, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikamchukua akiwa rubani, akaugua kifua kikuu, na ndoto ile ikaishia hapo. Akasoma uchumi kwa njia ya posta, kisha akaingia kwenye takwimu. Miaka mingi baadaye Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipojaribu dawa ya streptomycin kwa kifua kikuu cha mapafu, yeye alikuwa mezani tangu mwanzo. Mgawo ulifuata orodha ya namba nasibu aliyoiandaa, ukafungwa ndani ya bahasha ili daktari anayempokea mgonjwa asijue ataangukia kundi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948. Wagonjwa walikuwa 107: 55 walipata dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Aliyeugua ugonjwa uleule, asiye daktari, ndiye aliyehakikisha tofauti hiyo inaaminika. Sijui ungemwita kikokotoo.

Kwa hiyo ninachokushauri ni kimoja, na nakirudia kwa namna tofauti katika kila swali lako: hamia mwanzo wa utafiti. Ukiendelea kukaa mwisho, hata ukihama chuo utakutana na njano nyingine.

Huwezi kuhama kwa miradi yote 14 mara moja. Chagua mmoja ambao bado haujakusanya data, na wenye mtafiti anayesikia. Andikeni pamoja mpango wa uchambuzi wa kurasa mbili: swali ni lipi, kipimo kikuu ni kipi, nani anahesabiwa wapi, anayeacha dawa atafanywaje, data zikikosekana tutafanyaje. Utiwe sahihi na tarehe kabla faili halijafunguliwa. Karatasi hiyo itakulinda kuliko ujasiri wowote, kwa kuwa siku mistari ya njano ikija hutahitaji kubishana na mkubwa. Mtaifungua na kusoma mlichokubaliana. Kisha mwendee katibu wa kamati ya maadili ya utafiti, umwombe fomu ya maombi iwe na sehemu ya mtakwimu kueleza idadi ya washiriki ilivyopatikana. Sehemu kama hiyo ikiwepo, watu watakugongea mlango wenyewe.

Na acha kabisa kuchambua kwa kushika seli za Excel kwa mkono. Andika programu ya uchambuzi inayoanzia faili ghafi hadi jedwali la mwisho, ili kila hatua ionekane. Nakumbuka kazi ya Keith Baggerly na Kevin Coombes wa kituo cha saratani cha MD Anderson. Walichunguza makala za watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke zilizodai kwamba jeni za uvimbe zinaweza kubashiri dawa gani itamfaa mgonjwa wa saratani. Walichokuta, na kukichapisha mwaka 2009, ni pamoja na orodha za jeni zilizosogea mstari mmoja: jina la jeni huku, vipimo vyake mstari wa jirani. Wakati huo majaribio yaliyotegemea kazi hiyo kuwapangia wagonjwa dawa yalikuwa yameshaanza. Yalikomeshwa 2010. Mstari mmoja, mwanangu.

Kuhusu jina lako. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ina vigezo vinne vya uandishi. Cha kwanza ni mchango mkubwa katika wazo au mpango wa utafiti, au kukusanya, kuchambua au kufasiri data. Cha pili ni kuandika mswada au kuupitia kwa kina. Cha tatu ni kuidhinisha toleo la mwisho, na cha nne ni kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Wewe cha kwanza unacho karibu kila mara. Unakwama kwenye cha pili na cha tatu, kwa sababu unatuma majedwali na mswada huoni tena. Kamati hiyohiyo inasema mtu aliyetimiza cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika na kuidhinisha. Vigezo visitumike kumfungia mlango. Kwa hiyo sema mwanzoni, ukiwa umetulia, kabla hujafungua data: "Nitaandika sehemu ya mbinu za takwimu na nitasoma mswada mzima kabla haujatumwa." Liandikwe kwenye ukurasa uleule wa makubaliano. Anayetaka jedwali moja tu la haraka, mpe, akushukuru, na hilo lisikuume. Si kila kazi ni makala yako, na heshima ya jina lako inategemea pia makala ulizokataa kutiwa.

Cheo ni suala gumu zaidi, kwa maana kamati nyingi za kupandisha vyeo zinahesabu waandishi wa kwanza na wa mwisho, na mtakwimu kwa kawaida hukaa katikati. Baadhi ya vyuo vimeanza kutambua mchango wa pamoja. Uliza kama chako kimo, na uombe jibu kwa maandishi. Wakati huo tengeneza faili lako mwenyewe: ruzuku ulizoandikia sehemu ya takwimu, majaribio uliyobadilisha idadi ya washiriki, makosa uliyoyazuia. Makala ya mwandishi wa kwanza utaipata kwenye yanayokusumbua kila siku. Una miradi 14. Katika mingapi kuna waliokatiza dawa, na watafiti wamewashughulikiaje? Hilo ni swali la mbinu ambalo hakuna daktari hapo atakayeliandika kabla yako, na likikomaa linaweza kuwa shahada yako ya uzamivu. Lakini hutaliandika ukiwa na miradi 14. Kama kila mmoja unakula asilimia 10 ya muda wako, umeshauza asilimia 140. Dai muda wako uandikwe na ulipiwe kwenye ruzuku, na mengine yakae foleni.

Halafu kampuni. Kwenda si kukimbia. Majaribio ya kusajili dawa yanafuata miongozo mikali: mpango wa uchambuzi hukamilishwa kabla ya kujulikana nani alipata dawa gani, na matokeo makuu kwa kawaida hurudiwa na mtu wa pili anayeandika programu yake mwenyewe. Miaka miwili mitatu ya nidhamu hiyo ingekufaa sana. Utakachopoteza ni uhuru wa kuchagua swali, na kwa sehemu kubwa uhuru wa kuchapisha. Ningekuwa wewe, ningetumia wiki hii moja kumwomba mkuu wa kitivo mambo mawili kwa maandishi: kuitwa tangu kupanga utafiti, na kikomo cha miradi. Akikubali, baki hata kama mshahara ni mdogo, kama nyumbani mnaweza kuumudu. Kaa na mume wako mpige hesabu hiyo kwa uwazi, kwani maisha ni yenu wawili. Akikwepa, nenda kwa moyo mweupe.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla hata hujaenda kwa Profesa, mtafute muuguzi au msaidizi wa utafiti aliyeandika "ameacha, anatapika sana". Muulize alianza kutapika siku ya ngapi, na kama kuna wengine waliolalamika hivyo wakaendelea kumeza. Kisha muulize kuhusu namba 66, yule ambaye safu yake iko tupu.